Krizi ya hofu: mazungumzo ya tiba, vidonge au kikundi? Ulinganisho kwa walioko Goma

Umesimama kwenye foleni ya maji, kidumu mkononi, hakuna lolote lililotokea. Ghafla moyo unadunda kama unataka kutoka, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, magoti yanalegea, na kichwani linabaki wazo moja tu: nakufa. Jirani anakumwagia maji, mwingine anaanza kuomba kwa sauti, wa tatu anaita moto, yaani pikipiki ya abiria. Mnafika kituo cha afya, tansio (presha) inapimwa, malaria inapimwa, kila kitu sawa, na muuguzi anakuandikia vitamini. Nusu saa baadaye uko mzima, umebaki na uchovu na aibu.

Ikitokea mara moja, watu husahau. Lakini ikijirudia bila sababu, kisha ukakaa mwezi mzima au zaidi ukihofia itarudi lini, au ukaanza kukwepa soko, ibada na moto ili isikukute mbele za watu, huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba. Njia zinazozungumzwa zaidi ni tatu, na wengi hukwama kwa kudhani lazima wachague moja waachane na nyingine.

Neno moja kwanza. Hapa Goma "krizi" ni kifafa, ni pumu, ni mtu aliyeanguka msibani, ni hofu pia. Kwa daktari usiishie kusema "napata krizi". Mweleze inaanzaje, inafika kileleni baada ya dakika ngapi, inaisha lini, na kama unapoteza fahamu. Ya hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, hushuka ndani ya dakika 20 hadi 30, na muda wote huo unasikia kila kinachosemwa. Kuzimia kabisa si kawaida yake, kwa sababu wakati wa hofu presha ya damu hupanda, na anayezimia ni yule ambaye yake imeshuka.

Hakikisha ni yenyewe

Pumu, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari iliyoshuka na matatizo ya mapigo ya moyo vyote vinaweza kuvaa sura ya krizi. Kwa hiyo uchunguzi mmoja mzuri ni wa lazima. Wa kumi na moja ni hofu yenyewe inayokuzungusha. Nenda hospitali bila kungoja kama maumivu ya kifua ni kama jiwe lililokukalia na yanaelekea mkononi au kwenye taya, kama umezimia, kama una homa, kama midomo imekuwa ya bluu, kama wewe ni mjamzito au umejifungua karibuni, au kama ni mara ya kwanza na umri umeshapita miaka 40.

Na kuna mambo ya hapa kwetu. Mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoleta kizunguzungu, kichwa kuuma na pumzi kukata. Mazuku nayo ni kaboni dioksidi nzito inayojikusanya mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Ukibanwa pumzi karibu na mbabula au sehemu ya chini, toka kwanza, panda juu, maswali baadaye.

Tunapima kwa vipimo gani

Kila njia tutaiuliza maswali yaleyale: inafanya nini hasa, inachukua muda gani, inagharimu nini, inavunjika vipi, na inamfaa nani. Swali la nne ndilo tunalolipa uzito mkubwa. Katika mji ambao tangu Januari 2025 benki zilifungwa na ndege zikasimama, ambako mradi wa shirika unaotoa tiba unaweza kufunga ofisi ndani ya wiki moja, tiba nzuri kwenye karatasi inayokatika katikati inaweza kukuacha pabaya kuliko tiba ya kawaida unayoweza kuimaliza.

Mazungumzo ya tiba

Inafanya nini. Hatuzungumzii kufarijiwa. Iliyothibitishwa kwa krizi ya hofu ni tiba ya fikra na tabia, ambayo wanasaikolojia wetu huiita kwa Kifaransa TCC. Inakata mzunguko mmoja: moyo unadunda, unatafsiri "ninakufa", tafsiri hiyo inazidisha hofu, hofu inazidisha kudunda. Katikati ya mzunguko kuna pumzi. Anayeogopa huhema haraka bila kujua, anatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyohitaji, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na hisia kwamba hewa haitoshi. Ni kinyume cha mazuku: kule unazidiwa na gesi ileile unayojipunguzia hapa.

Vikao vya kwanza ni vya kuelewa hilo na kuandika daftari: tarehe, mahali, dalili ya kwanza, wazo la kwanza, hofu ilifika ngapi kati ya 0 na 10. Kisha mnaziita dalili kwa makusudi: kuhema haraka sekunde 60, kuzunguka ukiwa umesimama sekunde 60, kukimbia papo hapo dakika moja, kupumua kwa mrija mwembamba dakika moja hadi mbili huku pua imebanwa. Unarudia zoezi lilelile mara kadhaa mpaka namba ya hofu ishuke. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au mimba asilifanye bila ruhusa ya daktari.

Baada ya hapo ni ngazi. Tuchukue mama muuza vitenge aliyeacha kwenda soko la Virunga. Ngazi ya kwanza ni kusimama mlangoni saa moja asubuhi, watu wakiwa wachache, dakika 15, akiwa na dada yake. Ya pili ni hivyohivyo, dada akiwa ng'ambo ya barabara. Ya tatu ni kuingia hadi safu ya kwanza peke yake. Ya nne, saa tano, watu wamejaa. Ya tano, kukaa mezani kwake nusu siku bila chupa ya maji, bila kushika simu, bila kuegemea nguzo. Vitu hivyo vidogo vya kujikinga ndivyo vinavyoibakisha hofu hai, kwa sababu mtu huamini chupa ndiyo iliyomwokoa. Sheria ya kila ngazi ni kutoondoka hofu ikiwa kileleni. Ukikimbia ukiwa na 8, mwili umejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuponya.

Na Goma si maabara. Milio ya risasi ikisikika, hofu iko sahihi na kukimbia ni akili. Mtaalamu mzuri hakuwekei kwenye ngazi barabara ambayo hata majirani hawapiti. Anachagua yale ambayo wengine wanayafanya kila siku bila madhara: soko mchana, ibada, kupanda moto, kulala bila taa.

Muda. Kwa kawaida vikao 12 hadi 15, kimoja kwa wiki, cha dakika 45 hadi 60. Aliyefanya mazoezi ya nyumbani mara nyingi huona tofauti kati ya wiki ya nne na ya sita.

Gharama. Piga hesabu ya yote kabla ya kuanza: bei ya kikao na moto ya kwenda na kurudi, mara 12. Wengi huhesabu cha kwanza tu, wakaishia cha nne.

Inavunjika vipi. Njia mbili hasa. Ya kwanza ni mradi kuisha, siku ya kwanza uliza bila haya, "Mradi wenu unafika mwezi gani? Ukiisha nitaendelea na nani?" Ya pili ni mazungumzo matamu yasiyo na kazi ya nyumbani. Umemaliza vikao vitano, umelia, umesikilizwa, lakini hakuna daftari, hakuna zoezi, hakuna ngazi. Hiyo ni faraja, na faraja ina thamani yake, ila usiihesabu kuwa TCC. Pumzi ya polepole nayo (vuta kwa pua hadi 4, toa hadi 6) inasaidia mwanzoni, lakini mtu akiamini kwamba bila kuhesabu atakufa, imegeuka chupa ya maji.

Inamfaa nani. Anayeweza kupata saa moja kwa wiki kwa miezi mitatu, anayekubali kusumbuka kidogo sasa, mjamzito, na yeyote ambaye krizi zimempunguzia maeneo ya kwenda. Haimfai kuanza nayo peke yake mtu asiyeweza kunyanyuka kitandani.

Vidonge

Inafanya nini. Dawa haikufundishi chochote kuhusu hofu. Inapunguza idadi ya krizi na ukali wake. Kundi linaloanza kutumiwa kwanza ni la sertralini, paroksetini na fluoksetini. Ushahidi wa zamani zaidi ni wa imipramini, na ndugu yake klomipramini. Amitriptilini hupatikana kwa urahisi zaidi katika vituo vingi, lakini kwa krizi za hofu ushahidi wake ni mdogo kuliko wa hao wawili.

Dozi huamuliwa na daktari, lakini ujue mantiki yake: kwa hofu huanza chini kuliko kwa ugonjwa wa huzuni (unyogovu). Sertralini mara nyingi huanza na mg 25 kwa wiki moja kabla ya 50. Paroksetini na fluoksetini na mg 10. Sababu ni kwamba wiki mbili za mwanzo dawa hizi zinaweza kuongeza wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi. Aliyeanzishiwa dozi kamili huitupa siku ya nne akisema imemzidishia ugonjwa, na hajakosea, kwani kosa lilikuwa la mwanzo. Kijana wa chini ya miaka 25 awe na mtu wa karibu wiki hizo, na mawazo yoyote ya kujiua yapelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Muda. Nafuu huanza kati ya wiki 2 na 6, na kamili inaweza kufika wiki 12. Ukishapona unaendelea angalau miezi 6, kisha unashusha dozi polepole kwa wiki kadhaa.

Gharama. Kidonge kimoja kwa siku kwa mwaka ni vidonge 365. Zidisha kwa bei ya farmasi yako, ongeza kumwona daktari mara nne au tano, ndipo useme kama ni rahisi kuliko vikao. Nunua bamba zima lenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Vidonge vilivyokatwa vikafungwa kwenye karatasi, au vilivyoanikwa juani, achana navyo.

Inavunjika vipi. Kwa kukatika. Ukiacha ghafla unapata kizunguzungu, hasira na vishindo kama umeme kichwani, na wengi hudhani krizi imerudi. Paroksetini ndiyo kali zaidi hapo. Fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo ukikosa siku mbili barabara ikiwa imefungwa, haikuadhibu sana. Kwa mji kama huu hilo ni jambo la kumuuliza daktari waziwazi. Weka akiba ya wiki mbili: siku ya kwenda kununua ni pale unapobaki na vidonge 14, siyo 2.

Inavunjika pia kwa kuchanganya. Tramadoli, ambayo mjini hapa watu huinywa kama dawa ya mgongo tu, ikikutana na vidonge hivi inaweza kuleta degedege na hali ya hatari. Amitriptilini na ndugu zake hugusa mapigo ya moyo, na kwinini au dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini inaweza kuongeza athari hiyo. Kila unapotibiwa malaria, sema unachokunywa. Dawa hizo za kundi la amitriptilini zikizidishwa huua, kwa hiyo zifungiwe mbali na watoto.

Kuhusu diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, tuseme wazi. Inatuliza kweli. Lakini ukimeza ukiwa na krizi, kwa kawaida inaanza kufanya kazi wakati wimbi limeshaanza kushuka lenyewe, halafu sifa inakwenda kwa kidonge. Ukiitumia kila siku kwa wiki chache, mwili unaizoea, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Pamoja na pombe inaweza kuzima pumzi. Kama umeitumia miezi kadhaa, usiikate leo kwa sababu ya makala hii. Nenda ukapangiwe namna ya kushusha.

Inamfaa nani. Mwenye krizi nyingi kwa wiki, aliyeshindwa kutoka nyumbani, mwenye huzuni nzito juu yake, au aliyejaribu mazungumzo miezi mitatu bila nafuu. Kwa Goma, kituo kinachojulikana kwa magonjwa haya ni Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo. Bukavu ni SOSAME, na Lubumbashi ni Joseph Guislain. Watu wengine huogopa kuonekana kwenye lango hilo. Daktari wa kawaida wa hospitali kubwa naye anaweza kukuanzishia dawa, kwa hiyo lango lisiwe kikwazo.

Kikundi cha wenzako

Inafanya nini. Kikundi kinaondoa kitu ambacho kidonge hakiondoi: kudhani uko peke yako, au kwamba umerogwa. Ukimsikia mwendesha moto mwenye mikono minene akisema naye anakufa ganzi vidole kwenye mzunguko wa Signers, dalili zako zinapoteza nusu ya kitisho. Kinakusukuma pia kufanya ngazi zako na kumeza dawa zako. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kikundi peke yake kinaponya krizi.

Tofautisha na tiba ya kikundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Kivu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, ulionyesha kwamba tiba ya vikao 12, vingi vyake vya kikundi, iliyoendeshwa na wasaidizi wa kijamii waliofunzwa, wale tunaowaita APS, ilipunguza dalili za kiwewe, huzuni na wasiwasi kuliko msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Ule ulikuwa mpango wenye hatua na msimamizi. Kikundi cha wenzako ni kitu kingine.

Muda na gharama. Faraja huja siku ya kwanza. Mabadiliko huchukua miezi. Gharama ni ndogo, hasa kikiungana na kitu kilichopo tayari. Wanachama wa kikundi cha akiba (AVEC) wanaokutana kila wiki kuweka akiba wanaweza kubaki dakika 60 zaidi, watu 6 hadi 10, wawili wakiongoza kwa zamu.

Inavunjika vipi. Kwa midomo: ukisema Jumanne Ndosho, Alhamisi inajulikana Majengo. Kwa kugawiana vidonge. Kwa mashindano ya nani aliona mabaya zaidi, mtu akianza kusimulia mauaji kwa undani, kiongozi amrudishe taratibu kwenye wiki hii: "Ulifanya nini kupita soko?" Vikundi vya simu vina ugonjwa wao: ujumbe wa sauti wa saa nane usiku kuhusu habari za vita huamsha watu wanane. Kikundi kiwe na saa ya kufunga, na habari za usalama ziende kwingine. Tena mwenza wa kikundi anayepigiwa simu kila krizi hugeuka kuwa kinga ile tuliyoisema juu.

Kazi ya mwenza ni fupi. Akae upande, awaondoe watazamaji, aseme kwa sauti ya chini, "Ni wimbi lile, linapita, niko hapa," apime dakika kwa saa, halafu anyamaze. Asimwage maji, asimpulizishe kwenye mfuko (ni hatari kama kumbe ni pumu au moyo), asimburute hospitali kwa krizi iliyokwisha kuchunguzwa.

Inamfaa nani. Aliye mwanzoni na asiye na fedha, aliye kwenye foleni ya kumwona mtaalamu, aliyemaliza tiba na anataka isirudi.

Kuchanganya

Mazungumzo na dawa kwa pamoja huleta nafuu nzuri mwanzoni. Lakini utafiti wa Barlow na wenzake uliotoka Marekani mwaka 2000, kwa watu 312, uligundua kwamba baada ya tiba kusimamishwa, waliopata TCC bila dawa walidumu vizuri kuliko waliochanganya na imipramini. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba anayeshinda soko akiwa na dawa huipa dawa ushindi. Kwa hiyo ukichanganya, rudia ngazi zako za juu wakati dozi inashuka, ukiwa bado na mtaalamu.

Kwa hali yako

Krizi moja au mbili, maisha yanaendelea: uchunguzi mmoja, daftari, punguza kahawa kali na pombe, kikundi kama kipo. Vidonge havina haraka.

Unapata krizi kila wiki na umeanza kukwepa mahali: TCC kama unaweza kumaliza vikao 12. Kama mradi unafunga baada ya miezi miwili mitatu, anza dawa, na vikao hivyo vichache vitumie kujifunza ngazi ili uziendeleze na kikundi.

Huwezi kutoka nyumbani: dawa kwanza, wiki 4 hadi 6, halafu ngazi.

Una mimba au unanyonyesha: mazungumzo kwanza. Dawa ikihitajika zipo zinazotumika, sertralini mara nyingi, lakini usiache wala kuanza bila daktari.

Unaendesha moto au lori: kaa mbali na diazepamu na uwe mwangalifu na amitriptilini ya usiku, kwa sababu usingizi wake hufika hadi asubuhi.

Umehamishwa na vita, uko kwa familia ya watu, hujui mwezi ujao utalala wapi: chagua kinachobebeka. Daftari na mazoezi vinahama nawe. Dawa ziwe na akiba na karatasi yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya kuanza, ili daktari wa Bukavu, au wa Gisenyi ng'ambo ya mpaka, aendelee pale ulipofikia.

Krizi zako zinakuja na ndoto za tukio fulani, au zinaamshwa na harufu na sauti za siku ile: huenda ni kiwewe, na tiba yake ina mpango tofauti kidogo. Liseme hilo kwenye kikao cha kwanza, hata kwa sentensi moja, hata kama hutaki kusimulia.